Mama Mlio: fundi anayebeba kelele za malori mdomoni

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya ukuta wa yadi, na Mama Mlio anakimbia. Anakimbia ameinama, kando ya tairi la mbele la lori kubwa, kosa dogo tu akanyagwe, kiganja kimebandikwa kwenye chuma, sikio limeelekea chini kama mtu anayesikiliza umbea wa chumba cha pili.

Lori linapanda gogo lililolazwa katikati ya yadi. Tairi la kushoto linapanda, linashuka. NGO!

"Simama hapo hapo!"

Dereva anakanyaga breki. Mama Mlio anajiinua, anafumba macho, anaanza kuutafuta ule mlio mdomoni mwake. "Ngo," anasema. Anatikisa kichwa. "Hapana. Nngo. Una mkia. Nngo-o."

Mchomeleaji ameegemea mtungi wake wa gesi, anatikisika kwa kicheko. "Mama, hiyo ni gari au mbuzi mwenye kikohozi?"

"Mbuzi ni wewe unayechomelea bila miwani," anajibu bila hata kufumbua macho. "Niache, usije ukanidondoshea mlio wangu."

Hatanii. Mlio huo lazima aubebe mpaka nyumbani, kule ng'ambo ya bomba kubwa la maji, mpaka kwenye kitanda cha mumewe. Ndiyo kazi yake. Ndiyo iliyompa jina.

Mumewe ndiye Fundi. Yadi nzima inamwita hivyo tu, Fundi, kana kwamba wengine wote ni wapita njia. Kebini ikilala upande, springi zikilia, usukani ukivuta, malori yalikuwa yanatoka mbali kuja kwake. Sasa hatembei. Kebini ilikuwa imeinuliwa, imelazwa mbele ili injini ionekane, na ule mti wa chuma wa kuizuia haukuwa umekaa sawasawa. Aliinama kuokota spana. Kebini ikarudi chini, yeye akiwa katikati.

"Nilikuwa nauza maji ya kunywa pale getini," anasimulia Mama Mlio, mikono ikisugua grisi kwa kitambaa kilichochoka kuliko yeye. "Nikasikia kishindo. Nikajua ni yeye. Usiniulize nilijuaje."

Uti wa mgongo uliumia. Kuanzia kiunoni kwenda chini, kimya. Daktari aliwaambia kwa upole, lakini upole haukubadilisha kitu. Akiba ikaisha, kitanda cha mbao kikauzwa, kikaja cha chuma chenye mguu mmoja uliounganishwa. Siku yadi ikichangamka, Mama Mlio anarudi na hela ya kula kesho na keshokutwa. Ikilala, wanakunywa uji na kuongea taratibu ili njaa isiamke.

Kilichobaki salama kwa Fundi kilikuwa masikio.

Basi wakabuni. Mke anakwenda yadini, anasikiliza gari, anaukariri mlio, anakuja kuutoa mbele ya kitanda. Mume anafumba macho, anasema: "Bushi ya nyuma." Au: "Shokabu imekufa, mkao wake umelegea." Mke anarudi, anafungua, na kweli! Walijaribu kurekodi kwa simu, haikufaa. "Simu inanipa kelele za upepo na watu wakibishana," analalamika Fundi. "Huyu mdomo wake una akili. Ananiletea kile chenyewe."

Kidogo kidogo mke akajifunza spana, jeki, kupima kwa kamba umbali wa kila kona ya kebini mpaka kwenye chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Leo anafungua springi peke yake. Ila ukimwambia yeye ndiye fundi, anakata haraka: "Fundi yuko nyumbani. Mimi mdomo tu."

Lori la asubuhi hiyo si la mgeni. Anayeliendesha ni shemeji yake, mdogo wake Fundi wa mwisho, kijana mwenye maneno mengi na shingo ndefu. Kebini imeanza kulala kushoto na kugonga kila akipita tuta. Mchana huo anatakiwa kupakia saruji na kushuka nayo mteremko mkubwa, ule wenye kona ambazo madereva huacha kuongea wakizifikia.

"Shemeji, dakika tu, ninyooshee hii shingo ya gari," kijana anamwambia.

"Anza na ya kwako, shemeji. Unaniangalia kama twiga aliyefumaniwa."

Mama Mlio anaondoka kwenda nyumbani, midomo imebanwa. Njiani anasalimiwa, anajibu kwa mkono.

Chumba chao ni kimoja. Dirisha limeelekea ukuta wa jirani, pazia limetengenezwa kwa turubai la lori, harufu ya dawa ya kuchua imekaa mpaka kwenye vikombe. Fundi amelala ubavu. Amekonda kiasi kwamba shuka halina cha kufunika.

"Leta," anasema. Hasalimii kwanza. Huwa hivyo gari likiwa baya.

Mama Mlio anakaa ukingoni mwa kitanda, anavuta pumzi. "Nngo-o."

"Ikipanda au ikishuka?"

"Ikishuka. Kebini imelala kushoto, kama vidole viwili."

Fundi anatabasamu, kitu ambacho si cha kila wiki. "Hiyo naijua. Niliiweka raba mwenyewe, pale kebini inapokaa juu ya chesi, kushoto. Imechoka, imepondeka. Kata nyingine, iwe nene. Itanyooka kama rula."

Sikia kuhusu hiyo raba. Ni mbinu ya Fundi. Kebini ikilala upande, wengine walikuwa wanahangaika siku nzima, yeye anakata kipande cha tairi kuukuu, anakipenyeza chini ya kona iliyolala, anakaza bolti, kebini inasimama wima na kelele inakufa. Haraka, rahisi, gari linaondoka siku hiyo hiyo. Yadi yote iliiga. Leo ukiinua kebini yoyote pale, kuna uwezekano mkubwa utakuta kipande cheusi cha tairi kimejibanza, kimekatwa pembe kwa mtindo wake.

Mama Mlio anarudi, anainua kebini. Mti wa kuizuia anaukagua mara tatu, mara ya tatu kwa teke. Kweli raba ya zamani imepondeka kama ulimi. Anaitoa, anakata mpya, anaweka, anakaza.

Shemeji anapita juu ya gogo. Kimya! Anapita tena. Kebini imenyooka, shemeji anachungulia dirishani, meno yote nje.

Msimamizi wa malori, mwanamume mwenye simu mbili na subira nusu, anapiga makofi. "Kazi imeisha. Nenda ukapakie."

Lakini Mama Mlio bado ameshika chesi kwa kiganja. Hasogei.

"Rudi nyuma kidogo, shemeji. Panda tena."

Lori linapanda. Ndani ya kebini, raba mpya imemeza kila kitu. Huku nje, chini ya kiganja chake, karibu na tairi la mbele, kuna kitu kimegusa. Ti. Kidogo kama ukucha kwenye kikombe. Na hapo anakumbuka: asubuhi kilikuwepo pia! Kilikuwa kimejificha ndani ya ile NGO. Alikisikia, akashindwa kukitoa mdomoni, akakiacha njiani. Ndio ule aliouita mkia.

Anachukua kamba. Anapima kutoka ardhini hadi kebini, kushoto na kulia: sawa. Anapima kutoka ardhini hadi chesi, kushoto na kulia. Si sawa. Chesi ndiyo imelala. Kebini imenyooshwa juu ya kitu kilichopinda.

"Hii gari isitoke," anasema.

"Inatoka," anasema msimamizi. "Saruji inasubiri."

"Kuna chuma kinagusa mbele. Nataka nifungue springi ya kushoto."

"Kufungua springi ni mpaka kesho! Fundi amesema nini?"

Mama Mlio anaikunja kamba mkononi.

"Amesema raba, si ndiyo?"

"Amesema raba."

"Na raba imewekwa. Mama, nakuheshimu sana, lakini Fundi ni yule. Wewe ni mdomo wake."

Maneno yake mwenyewe, yanarudishwa mbele ya watu. Mchomeleaji anaangalia pembeni. Shemeji amezima injini, meno yamerudi ndani.

"Ningeweza kulala chini ya tairi," anasema sasa akikumbuka, bila kucheka. "Wangenivuta miguu, wakaondoka. Pale nilihitaji neno lake. La kwangu halikuwa na uzito hata wa nati."

Anamgeukia shemeji yake. "Twende kwa kaka yako."

"Msimamizi atanifukuza."

"Akufukuze ukiwa hai."

Wanakwenda. Kwa mwendo ule, watu wa njiani wanawapisha wakidhani kuna msiba.

Fundi anashtuka kuwaona wawili. "Raba imekataa?"

"Imekubali," anasema mkewe. "Ndiyo inayoniogopesha. Fundi, ule mlio sikukuletea wote. Ni miwili na inakuja pamoja. Mimi nina mdomo mmoja."

Anamwekea shemeji mkono begani, anamfundisha. Yeye atatoa ule mkubwa. Shemeji atatoa mdogo, ulimi kwenye meno, nusu ya pumzi baada ya wa kwanza kuanza.

"Nngo-o!"

"Ti!"

"Umechelewa, shemeji."

"Nimemeza mate."

"Nngo-o!"

"Ti-ti!"

"Moja! Gari haina kigugumizi!"

Fundi anacheka. Anacheka mpaka kifua kinamuuma, mkono umeshika bomba la kitanda. Mtu mzima na mke wake na mdogo wake, wawili wamepanga midomo kama vifaranga, wanalia kama lori. Jirani anagonga ukuta kuuliza kama kuna mgonjwa.

"Tena," anasema Fundi akifuta machozi. "Mama, punguza wa kwako. Dogo, ongeza."

"Nngo."

"Ti."

Kicheko kinakatika, kama mtu amezima taa.

"Tena."

Wanarudia. Fundi hayuko nao tena. Macho yako kwenye bati la juu, vidole vinabonyeza godoro, kimoja, kimoja.

"Huo mdogo ni ufa," anasema mwishowe. Sauti imeshuka. "Pale mbele, kile chuma kinachoshika ncha ya springi kwenye chesi. Kimepasuka kwa ndani, upande usioonekana. Gari imelala kwa sababu kile kinafunguka. Kikiachia, ekseli inakwenda na njia yake, matairi ya mbele na yote."

Shemeji anakaa chini, pale pale sakafuni.

"Nipe simu," anasema Fundi. Msimamizi anapokea, anaanza kulalamika, Fundi hamsubiri. "Fungua springi ya mbele kushoto. Nimesema mimi. Ukiitoa hiyo gari getini, mdogo wangu akapatwa na lolote, nitaletwa kwenye shuka mpaka ofisini kwako."

Ikafunguliwa. Ilichukua mchana wote. Tope limekauka kama saruji, bolti zimeota kutu, mchomeleaji mwenyewe alishika mtalimbo bila kuombwa. Springi iliposhuka, Mama Mlio akapangusa chuma kwa dizeli, akamulika tochi.

Ufa ulikuwa umezunguka karibu wote. Kilichokuwa bado kimeshika ni unene wa kidole cha mtoto. Msimamizi aliuangalia, akaweka simu zote mbili mfukoni, akaondoka. Shemeji alikaa juu ya tairi, akaomba maji.

"Shemeji," akasema, "hii shingo ndefu ilikuwa inaondoka leo."

Hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo simulizi nyingi zingemalizika kwa vigelegele. Hii hapana. Jioni Mama Mlio alirudi nyumbani na kile chuma kwenye mfuko, akakiweka kifuani mwa mumewe ili akiguse. Alidhani atafurahi. Fundi akapitisha kidole gumba kwenye ufa, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Una kutu ndani," akasema. "Huu si wa juzi."

"Ndiyo."

"Raba yangu ilikuwa nene kiasi gani? Ile ya kwanza."

Mama Mlio akaonyesha kwa vidole. Angeweza kudanganya, anasema. Aliwaza. Vidole vikasema ukweli.

"Kwa hiyo gari ilikuja kwangu tayari imelala," akasema Fundi. "Ikaniambia inaumwa. Mimi nikaiziba mdomo, nikaipeleka barabarani imenyooka, dereva anaona raha."

Mkewe akawasha jiko, akabandika sufuria, ili tu kuwe na sauti nyingine chumbani.

Kisha Fundi akauliza lile ambalo hata sasa Mama Mlio akilisimulia anageuza uso. "Kicheko. Gari yake ilikuwa inalia vipi?"

Kicheko alikuwa dereva wa pale pale, rafiki wa Fundi, mtu aliyeanza kucheka kabla hajamaliza utani. Alitoka yadini na kebini iliyonyooshwa na Fundi mwenyewe, raba mpya, safi. Hakufika. Lori lilitoka barabarani kwenye ule ule mteremko, wakasema alisinzia. Vyuma viliuzwa vikiwa vimejikunja, vikayeyushwa. Hakuna wa kuvipima tena. Inawezekana alisinzia kweli.

"Nilimwambia inawezekana alisinzia," anasema Mama Mlio. "Akaniambia, Kicheko hakuwa mtu wa kusinzia. Akageukia ukuta. Uji ukapoa pale."

Tangu jioni ile Fundi hataki kuletewa mlio. Mke anakaa ukingoni mwa kitanda, anaanza "ngo", mume anainua kiganja. Kuna asubuhi hali kitu. Kuna asubuhi anaanza kutaja malori aliyowahi kuyawekea raba, moja moja, lile la rangi ya maziwa, lile la mwenye maghala, lile lililokuwa likinuka samaki, na anaendelea mpaka sauti inakatika, naye mkewe ameshika mlango asijue atoke au abaki.

Ndipo mpango ulipozaliwa. Mama Mlio ameamua kila lori lenye raba ya Fundi linaloingia pale, atainua kebini, atatoa raba, atapima chesi, atafungua springi. Lote. Bila kungoja likohoe.

Wenye malori hawajafurahi. Gari likilala yadini halipakii. Wawili wamehamia yadi nyingine, ambako wananyooshewa kebini kwa raba zile zile huku wakinywa soda. Mchomeleaji anasema kazi imepungua, lakini bado anamsaidia kukaza. Na msimamizi? Msimamizi amemwachia lango: gari halitoki bila yeye kusema ndiyo. Anayemwambia sasa kwamba yeye ni mdomo tu, humsikii.

Katika malori aliyokwisha kuyafungua, moja lilikuwa na ufa kama ule. Mengine yalikuwa mazima. Anamwambia Fundi yote, mazima na mabovu, kwa sababu tangu siku ya vidole wamekubaliana hakuna kufichana. Anamwomba pia kitu kimoja: akubali kubebwa siku moja mpaka yadini. Shemeji amejitolea mgongo wake, mchomeleaji anaunga kiti chenye magurudumu kutoka vyuma chakavu. Fundi bado hajasema ndiyo. Hajasema hapana.

"Akiniona nafungua moja baada ya jingine, labda atalala usingizi," anasema Mama Mlio. "Sitaki zaidi ya hapo. Alale tu."

Getini, honi inalia. Linaingia lori la rangi ya maziwa, limeoshwa, kebini imesimama wima kama askari kwenye gwaride. Dereva, mzee mwenye kofia ya sufu, anachungulia kwa mashaka. Amesikia habari za mama anayelaza magari ya watu.

"Mama, mimi napita kujaza upepo tu. Gari yangu haina tatizo. Haina kelele hata moja, sikiliza mwenyewe."

Mama Mlio ameshachukua jeki.

"Nimesikia, baba," anasema. "Ndiyo maana naitaka hiyo. Zima, ushuke."